Kutu ya Hela za Shaba

Sarafu ya shaba iliyokaa ardhini miaka mingi hutoka ikiwa ya kahawia nyeusi au ya kijani, na mwanafunzi aliyeiokota hutaka mara moja kuisugua kwa ndimu na majivu mpaka ing'ae. Hapo ndipo elimu hupotea.

Sarafu kuukuu zinazotazamiwa kupatikana Same na milimani Upare ni hela za Wajerumani, zilizoipa lugha yetu neno hilo. Kabla yake zilikuwapo pesa za shaba: za Sayyid Barghash wa Unguja za mwaka 1299 wa Hijra (1882), na za Kampuni ya Wajerumani kuanzia mwaka 1890, zenye maandishi ya Kiarabu. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Tangu mwaka 1904 rupia ikagawanywa katika hela 100. Kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898, na reli ya kutoka Tanga, iliyopita Same na kufika Moshi mwaka 1911, zilisaidia kueneza fedha hizo.

Shaba ikikutana na oksijeni hufanya utando mwekundu wa oksaidi. Unyevu na kabonidayoksaidi huongeza juu yake utando wa kijani wa kabonati. Jembe la chuma la wahunzi wa Ugweno huliwa na kutu mpaka ndani, kwa kuwa kutu ya chuma hubanduka. Utando wa shaba hushikamana na kuilinda shaba iliyo chini yake. Asidi ya ndimu huuyeyusha utando huo, na majivu hukwangua alama zilizosalia, mathalani herufi ndogo A ya Berlin au J ya Hamburg, zilikopigwa sarafu hizo.

Yatosha kuiosha sarafu kwa maji safi, kuikausha vizuri, kisha kuipima. Hela moja nzima ina upana wa milimita 20 na uzito wa gramu 4. Kilichopungua ni kazi ya mikono na udongo. Mahali ilipookotwa paandikwe siku hiyo hiyo. Madoa ya ungaunga wa kijani hafifu ni dalili ya kloraidi, ambayo huendelea kuila shaba penye unyevu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Hela haimo humo. Sarafu ya masultani wa Kilwa imo, na mwenye kuiokota huipeleka kwa maofisa wa mambo ya kale.