Frateri, Mungu Anataka Nisome Kozi Gani?



Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali hili huwa nalisikia sana kutoka kwa vijana wenzangu. Mwingine anafunga, anasali novena, anangoja ishara. Anangoja weee, mpaka dirisha la udahili linafungwa. Halafu tunasema ni mapenzi ya Mungu!

Kwenye Luka 14:28 Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuanza, mtu huyo anakaa chini anapiga hesabu ya gharama. Yesu alikuwa anafundisha gharama ya kumfuata yeye, lakini ona: kupiga hesabu hakukuwa upungufu wa imani.

Katika masomo yangu ya falsafa nilimpenda sana Mt. Thoma wa Akwino. Anafundisha kwamba busara ina hatua tatu: kutafuta shauri, kuamua, na kuamuru jambo litendeke. Tuzitumie kwenye kozi.

1. Shauri

Soma mwongozo wa udahili wa TCU, uangalie vigezo vya kozi, siyo jina lake tu. Udaktari wa binadamu ni miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Shahada ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Bado kuna mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Mkopo wa Bodi nao si zawadi: ukiajiriwa, unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Tena mtafute mtu anayeifanya kazi hiyo, umwulize siku yake kazini inakuwaje.

Na wazazi je? Familia ya Thoma ilitaka awe abate wa Monte Cassino. Mwaka 1244 akaingia kwa Wadominikani, ndugu zake wakamkamata na kumzuia kwa karibu mwaka mzima. Hakuyumba. Lakini usikimbilie kujifananisha naye. Mara nyingi mzazi hapingi ndoto yako, anaogopa usije ukakosa riziki. Basi mpelekee majibu: kozi ni hii, ada ni kiasi hiki, kazi zake ni hizi. Msikilize pia, maana anakufahamu tangu hujajua kusoma.

2. Uamuzi

Mt. Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, anatupa njia nzuri. Fikiria mtu usiyewahi kumwona, unayemtakia mema tu. Mpe alama zako, vipaji vyako na hali ya nyumbani kwenu. Ungemshauri asome nini? Ushauri huo ufuate wewe mwenyewe. Utashangaa jinsi ile hofu ya "watu watanionaje" inavyopungua, kwa sababu mgeni yule humwonei aibu.

3. Utekelezaji

Kwa Mt. Thoma, hii ndiyo hatua kuu ya busara. Mtu aliyeshauriwa vizuri, akaamua vizuri, kisha asifanye kitu, bado hana busara. Kwa hiyo tuma maombi mapema. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja ndani ya muda. Alama zisipotosha kwa shahada, njia ya diploma ipo, na wapo wengi waliopitia huko wakafika.

Kijana mwenzangu, Mungu hakuficha mapenzi yake ndani ya kozi moja ili ukiikosa akuache. Wito wetu wa kwanza ni utakatifu. Nesi anaufikia, fundi umeme anaufikia, mwalimu wa hisabati pia. Kinachobaki ni kuchagua mahali utakapompenda Mungu na kuwatumikia watu kwa vipaji ulivyo navyo kweli.

Kazi ya wiki hii: andika kozi tatu. Kila moja iandikie vigezo, miaka, gharama, na jina la mtu mmoja utakayemwuliza. Kisha nenda na karatasi hiyo mbele ya Ekaristi Takatifu, usali ukiwa nayo mkononi.

Roho Mtakatifu, mwenye kipaji cha shauri, akuongoze. Amina.