Dawa, Daawa na Dua: Tujue Asili ya Maneno ya Afya



Somo letu la leo linahusu maneno tunayoyatumia tunapozungumzia mwili, maradhi na matibabu. Huenda mtu akauliza: maneno ya hospitali yana uhusiano gani na madrasa? Uhusiano upo, tena mkubwa. Asiyejua asili ya neno huweza kuifahamu vibaya aya aliyoihifadhi, na asiyejua maana yake sahihi huweza kumpa daktari habari zisizo sawa.

1. Mwili ni wa Kibantu, tiba ni ya Kiarabu

Tazama viungo vyetu: kichwa, jicho, sikio, mkono, moyo, ini, figo, mfupa. Haya yote ni maneno ya Kibantu, tuliyorithi kwa mababu zetu. Ama tukija kwenye ugonjwa na kuponywa, Kiarabu kimejaa: afya, siha, maradhi, homa, jeraha, sumu, dawa, tabibu. Hata damu ni neno la Kiarabu. Kutokana na tiba tumepata kutibu na matibabu. Na ndugu wa jeraha ni majeruhi, yaani aliyejeruhiwa.

Maneno mengine yametoka mbali zaidi. Daktari limetujia kupitia Kiingereza, na asili yake katika Kilatini ni mwalimu.

2. Herufi zilizopotea njiani

Maneno ya Kiarabu yalipoingia katika Kiswahili, baadhi ya herufi zilipoteza sauti zake, hasa ain. Ndiyo maana maneno mawili yaliyo mbalimbali kabisa yamekaribiana katika midomo yetu.

(a) Dawa, daawa na dua. Dawa asili yake ni daali, wau na yee. Ama daawa, yaani kulingania watu katika dini, ni daali, ain na wau. Dua inatoka katika mzizi huo huo wa daawa, kwa sababu mwenye kuomba anamwita Mola wake. Basi dua na daawa ni ndugu, na dawa si wa ukoo wao. Lakini kutofautiana kwa mizizi hakuna maana kwamba mgonjwa achague kimoja. Mtume (s.a.w.) ametuombea wagonjwa dua, na pia ametuamrisha tujitibu. Mzazi anayemsomea mtoto wake dua na asimpeleke zahanati amechukua nusu ya mafundisho.

(b) Shifaa na shufaa. Shifaa ni kupona, na mzizi wake ni shini, fee na yee. Utaikuta katika Suratun-Nahl aya ya 69, inapotajwa asali. Shufaa ni uombezi, na herufi yake ya mwisho ni ain. Utaikuta katika Ayatul-Kursiy. Mwanafunzi asiyeitamka ain vizuri anabadilisha neno zima.

(c) Ajali. Sisi tukisema ajali tunakusudia gari kupinduka au mtu kuanguka mnazi. Katika Kiarabu, ajal kwa hamza ni muda uliowekwa. Kwa hiyo ukisoma Suratul-Aaraf aya ya 34, usidhani kwamba kila umma umewekewa ajali ya barabarani! Umewekewa muda wake. Na ikiwa neno linaanza kwa ain, kama katika Suratul-Anbiyaa aya ya 37, maana yake ni haraka.

(d) Maradhi. Suratul-Baqara aya ya 10 inataja maradhi ya nyoyo. Hapo haukusudiwi moyo kwenda mbio wala shinikizo la damu. Wanaosemwa ni wanafiki, na maradhi hayo hayatibiwi hospitali.

3. Neno mbele ya daktari

Sasa tutoke msikitini twende zahanati. Wengi wenu mnawasindikiza mabibi na mababu zenu, na nyinyi ndio mnaowasemea. Kuweni waangalifu na maneno haya:

Homa. Asili yake ni joto la mwili kupanda. Hiyo ni dalili, si jina la ugonjwa mmoja. Malaria huleta homa, na maradhi ya mapafu au ya mkojo pia huleta homa. Kwa hiyo usimnunulie mtoto dawa ya malaria kwa kuwa ana homa tu; damu yake ipimwe kwanza.

Mshipa. Neno hili tunalitumia kwa njia za damu, kwa mishipa ya fahamu, na wengine husema mshipa wakikusudia ngiri. Babu akisema "nasumbuliwa na mshipa", muulize kwa adabu ni mahali gani.

Moyo. Bibi akisema "moyo umenichafuka", mara nyingi anakusudia kichefuchefu. Lakini akisema kifua kinambana na pumzi inamwishia, hilo ni jambo la haraka, apelekwe hospitali bila ya kungoja kesho.

Na usione haya. Dada anayetokwa na damu kupita siku za hedhi anazozijua, amweleze mama yake au mwalimu wake wa kike. Damu hiyo inaweza kuwa istihadha, neno lenye mzizi mmoja na hedhi, lakini hukumu zake ni mbali: mwenye istihadha anaswali. Na pamoja na hukumu ya sala, aonane na daktari.

4. Tahadhari

Asili ya neno inatufundisha mengi, lakini si ushahidi wa ukweli. Malaria ni neno la Kitaliani lenye maana ya hewa mbaya, kwani watu walidhani ugonjwa huo unatoka katika hewa ya mabwawa. Mwaka 1897, huko India, Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Jina limebaki, na dhana imeondoka. Basi tulale ndani ya chandarua, tusiogope hewa.

Maswali ya kujipima

1. Taja herufi za mzizi wa dawa na za mzizi wa daawa.
2. Kuna tofauti gani baina ya shifaa na shufaa?
3. Muulize mzee wa nyumbani kwenu ana maana gani anaposema mshipa.
4. Kwa nini homa peke yake haitoshi kujua kuwa mtu ana malaria?

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.