Kengele ya Moto Ikilia, Toka: Usingoje Kuuona Moshi



Wengi wetu hudhani kwamba moto ukizuka mahali pa kazi, watu watapiga mayowe na kukanyagana papo hapo. Mara nyingi huwa kinyume chake: mwanzoni watu hutulia kupita kiasi. Mmoja humalizia barua, mwingine hutafuta mkoba, wa tatu huuliza kama ni jaribio tu. Dakika hizo ndizo ambazo wangezitumia kujiokoa.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Wanafunzi wa chuo waliketi chumbani wakijaza fomu, kisha moshi ukapenyezwa kupitia tundu la ukutani. Kati ya waliokuwa peke yao, robo tatu walitoka kutoa taarifa. Lakini kati ya 10 walioketi na watu wawili walioagizwa kutojali, alitoka mmoja tu. Waliosalia waliendelea kuandika huku wakikohoa na kufikicha macho. Utulivu wa wenzao waliudhania kuwa ni usalama.

Kauli ya msimamizi wa kazi ina uzito zaidi. Tarehe 24 Novemba 2012, moto ulizuka sehemu ya chini ya kiwanda cha nguo cha Tazreen, karibu na Dhaka, Bangladesh. Kengele ililia, lakini manusura walieleza kwamba wasimamizi waliwaamuru warudi kwenye cherehani. Walipotambua hatari, moshi ulikwisha kupanda, ngazi zote zilishukia kwenye moto, na madirisha yalikuwa na nondo. Watu wasiopungua 112 walipoteza maisha.

Kwa hiyo, tuzingatie yafuatayo:

1. Kengele ikilia, simama na utoke. Aondokaye kwanza huwafungulia wengine njia.
2. Msimamizi atamke wazi: "Kuna moto, tokeni kupitia mlango huu." Asimrudishe mtu kazini kabla ya kuhakikisha.
3. Acha mizigo. Tumia ngazi, usitumie lifti.
4. Moshi ukitanda, inama au tambaa, kwa kuwa hewa ya chini huwa na nafuu.
5. Gusa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua. Ukiwa wa moto, tafuta njia nyingine.
6. Funga mlango nyuma yako bila kutia kufuli.
7. Kusanyikeni nje, mhesabiane, na mtu yeyote asirudi ndani.
8. Pigia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji namba 114, ukitaja mtaa na alama inayojulikana.

Wenye maduka, karakana, shule na ofisi, mlango wa nyuma uliozibwa kwa maboksi au uliofungwa kwa kufuli si mlango wa dharura. Nawe mfanyakazi, ufikapo kazini kesho, uliza mambo mawili: njia ya pili ya kutokea iko wapi, na ufunguo wake anao nani?