Nyanya moja iliyobaki shambani

SWALI: Mvua ya Aprili iliua nyanya zangu zote hapa Chepseon isipokuwa shina moja. Je, nitunze mbegu zake?
Mkulima, Kericho

JIBU: Zitunze, lakini usizitegemee bado. Kwanza hakikisha ni ugonjwa gani ulioua nyingine. Geuza jani asubuhi: ukungu mweupe pembeni mwa doa jeusi ni bakajani chelewa, ugonjwa upendao baridi na unyevu wa nchi ya chai. Huenda shina hilo lilikwepa ugonjwa tu, bila kuwa na kinga.

Nyanya hujichavusha, kwa hiyo mbegu ya kawaida huzaa inayofanana na mama. Kama ulinunua chotara (F1), watoto watatofautiana: panda miche mingi, chagua mashina yanayostahimili, rudia misimu kadhaa. Watafiti nao huchagua hivyo, ila huanza na kinga inayojulikana, kama jeni Ph-3 kutoka nyanya-pori ya Amerika Kusini. Usivutwe na jina la mbegu: aina ya nyanya Tengeru 97, iliyotolewa Tanzania mwaka 1997, ilisifiwa kwa kustahimili mnyauko fusari na minyoo fundo, maradhi tofauti kabisa na lako.

Panda mbali na viazi, maana ugonjwa ni uleule, na unaponunua mbegu uliza inastahimili ugonjwa gani hasa.