Furaha ya Kazi za Nyumbani

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi vya mtaa

Masomo ya kusoma kwanza: Luka 10:38-42, Matendo 9:36-43, Mwanzo 2:8-15, Yohana 21:1-14.



Tukisikia neno "huduma", mara nyingi mawazo yetu hukimbilia madhabahuni, kwenye kwaya, au kwenye mikutano ya kanisa. Ni nadra kufikiri juu ya mbuzi ya kukunia nazi, sindano ya kufumia, au jembe lililoegemezwa ukutani. Lakini sehemu kubwa ya siku zetu hupita pamoja na vitu hivyo. Kama Mungu hayupo hapo, basi twakutana naye saa mbili tu kwa juma.

Katika somo hili twataka kusema neno moja. Kazi ndogo za nyumbani ni zawadi ya Mungu, nazo zina furaha yake. Lakini furaha hiyo hukauka pale mzigo wote unapowekwa juu ya mtu mmoja.

1. Martha alilalamika nini?

Twaijua sana habari ya Martha na Mariamu. Mara nyingi imefundishwa kana kwamba kupika ni kazi duni, na kukaa kimya ni kazi bora. Tuisome tena polepole. Bwana hakumkemea Martha kwa sababu ya chungu kilichokuwa motoni. Alimwambia juu ya mahangaiko yake na kusumbuka kwake kwa mambo mengi. Naye Martha mwenyewe hakulalamika kwamba kazi ni mbaya. Alilalamika kwamba ndugu yake amemwacha atumike peke yake.

Fungu lile jema alilolichagua Mariamu hatulipunguzi hata kidogo. Kusikiliza neno la Bwana huja kwanza. Lakini tusiyapite maneno ya Martha bila kuyasikia, kwa maana yanasemwa hata leo katika nyumba zetu, hapa Tanga mjini, Muheza, Korogwe na Pangani. Yafaa pia tufungue Yohana 12:2. Pale Bethania, karamu nyingine, Martha yuko tena anahudumu. Safari hii hakuna lawama wala malalamiko. Kazi ni ile ile. Moyo umepata utulivu.

2. Sindano na ukili

Katika Matendo twasoma habari za Tabitha, ndiye Dorkasi, mwanafunzi aliyekaa Yafa, mji wa bandari kama mji wetu. Hatuambiwi kwamba alihubiri. Twaambiwa alikuwa na matendo mema na sadaka nyingi, na alipokufa wajane walisimama mbele ya Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Ushahidi wa imani yake ulikuwa mikononi mwa wajane, wanaushika.

Hapa pwani tuna sindano zetu. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba ambazo kila kiti kina kitambaa cha kufuma, na meza ya wageni ina chake. Tuna pia kazi ya zamani kuliko uzi wa dukani, nayo ni ukili. Ukindu huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukawa utepe mrefu, kisha utepe hushonwa duara kwa duara mpaka mkeka utimie. Mkeka huo hulaliwa na mtoto, hutandikiwa mgeni, na siku ya msiba huketiwa na waombolezaji. Na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwezi wa Juni 2019, ni vema tukikumbuka kwamba mama zetu walikwenda sokoni na kikapu cha ukili, wala hawakupungukiwa na kitu.

Furaha ya kazi hii inatoka wapi? Kwanza, mikono hufanya kazi na moyo hupumzika. Pili, ni kazi isiyomfunga mtu mdomo. Watu husuka huku wakizungumza, na wakubwa huwafundisha wadogo. Mary Sumner, mke wa kasisi huko Old Alresford, Uingereza, alipoanza Umoja wa akina mama mwaka 1876, alitaka akina mama wasaidiane katika malezi. Siku ya kwanza aliingiwa na woga hata akashindwa kusema, akawaomba warudi juma lililofuata. Walirudi, na hata leo akina mama katika nchi nyingi hukutana kwa sababu ya mwanzo ule mnyonge. Msikusanyike kungoja msemaji hodari. Kaeni pamoja na kazi zenu mikononi, maneno yatakuja.

Tatu, kazi hii yaweza kuwa sadaka. Katika milima ya Usambara miezi ya Juni na Julai ina baridi kali, na sweta si pambo. Hata huku chini kwenye joto, mtoto mchanga hupoteza joto la mwili upesi, hasa yule aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Kofia ndogo ya sufi laini huwa msaada kweli kwa mtoto kama huyo. Mafundo machache ya jioni yaweza kumfikia mtu ambaye hatutamjua kamwe. Hiyo ndiyo kazi ya Dorkasi.

3. Bustani ya nyuma ya nyumba

Mwanzo yatuambia kwamba Mungu alipanda bustani, kisha akamweka mtu ndani yake ailime na kuitunza. Tazameni: kulima kulikuwako kabla ya dhambi. Jasho na miiba vilikuja baadaye, lakini kazi yenyewe ilikuwa baraka tangu mwanzo.

Bustani ya nyumbani haihitaji shamba. Tuta moja la mchicha huchumwa baada ya majuma matatu au manne. Matembele hayahitaji hata mbegu. Kata vipande vya mche, uvipande mvua zinapoanza, iwe ni vuli au masika. Mche wa bamia, nyanya chungu, pilipili, mchaichai karibu na bafu unapomwagika maji, na mpapai pembeni: hiyo ni mboga, kiungo na tunda bila kwenda sokoni. Taka za jikoni, samadi na majani makavu yakirundikwa na kuachwa yaoze huwa mbolea.

Bustani hutufundisha uvumilivu. Watu wa Tanga twaijua habari ya mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache mashamba ya mkonge yalienea katika nchi yetu. Mashamba yale yana historia yake ya jasho na machungu ya wafanyakazi, nasi hatuisahau. Lakini kwa habari ya mbegu, twajifunza kwamba anayehesabu iliyokufa peke yake hapandi tena. Mchicha wako ukiliwa na kuku, panda mwingine, na safari hii weka uzio.

4. Jikoni

Sasa twende ufuoni mwa bahari ya Tiberia. Wanafunzi wamekesha wakivua, hawakupata kitu hata asubuhi. Wakiisha kushuka pwani wanaona moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Bwana aliyefufuka, mwenye mamlaka yote, amewapikia wavuvi chakula cha asubuhi. Sisi tunaoishi na wavuvi twaijua harufu hiyo. Tangu asubuhi ile hakuna Mkristo awezaye kusema kwamba kupika ni kazi ya watu wa chini.

Upishi wetu wa pwani una utaratibu unaotaka moyo uliotulia. Nazi hukunwa, hutiwa maji ya vuguvugu, hukamuliwa na kuchujwa. Tui zito la kwanza huwekwa kando. Chakula huiva kwa tui jepesi la pili, na lile zito hutiwa mwishoni, huku likikorogwa polepole lisikatike. Mwenye haraka hulitia lote mara moja, kisha hushangaa kwa nini mchuzi umekatika. Kisamvu nacho hutwangwa vizuri na kuchemshwa sana, maana majani ya mhogo mabichi yana sumu ambayo kutwanga na kuchemsha huiondoa. Aliyegundua hayo hatumjui jina, lakini maarifa yake yanatulisha. Hali kadhalika bada ya unga wa makopa, ambayo imelisha nyumba nyingi za Tanga miaka ya njaa na ya shibe.

Lakini tusipambe jiko kwa maneno mazuri tukaacha moshi wake. Moshi wa kuni katika chumba kilichofungwa huumiza macho na kifua cha mama na cha mtoto aliye mgongoni. Kuni na ziwe kavu, dirisha liwe wazi, na maharage yalowekwe usiku kucha yapate kuiva upesi. Mwenye uwezo wa kupata jiko lililo bora, asione kwamba ni anasa. Kutunza pumzi ya watu wa nyumbani ni sehemu ya upendo.

5. Kazi za zamu

Tumekwisha kuona uzuri wa kazi hizi. Sasa tuseme lililo gumu. Mama mmoja alituambia kwamba alipokuwa msichana alipenda sana kufuma, lakini sindano zake zimelala sandukuni kwa miaka. Hakuchoka kufuma. Alikosa nusu saa. Alfajiri maji, mchana shamba, jioni jiko, usiku nguo za shule. Na watu wazima wengine wa nyumba wakimngoja awaandalie. Tulipomsikiliza tulimsikia Martha.

Wako wanaosema kwamba mila zetu haziruhusu mwanamume kushika kazi hizi. Je, ni kweli? Pilau ya arusi hapa pwani, katika masufuria makubwa, mara nyingi hupikwa na wanaume. Vyerehani vingi barazani mwa mji vina mafundi wanaume. Wavuvi wakiwa baharini hujipikia wenyewe. Basi mkono wa mwanamume wajua kazi hizi. Huzifanya zinapoleta sifa au fedha, na huzisahau zinapokuwa za kila siku.

Kanisa lina ushuhuda wa zamani juu ya jambo hili. Mtakatifu Benedikto, aliyeandika kanuni ya watawa huko Italia katika karne ya 6, aliagiza ndugu wahudumiane jikoni kwa zamu, na asisamehewe mtu ila kwa ugonjwa au kwa kazi nyingine kubwa. Mwisho wa juma, anayemaliza zamu hufua vitambaa, na pamoja na yule anayeingia huwaosha wote miguu. Tena aliagiza kwamba vyombo vya nyumba vitunzwe kama vyombo vitakatifu vya madhabahu. Hao walikuwa wanaume watupu, na sala zao hazikupungua kwa sababu ya sufuria.

Basi, akina baba na vijana, hatuwaombi mmfanyie mama hisani. Twawakaribisha kwenye furaha mliyoikosa. Kijana anayejua kukuna nazi, kupanda matembele na kushona kifungo chake hatakuwa mzigo kwa mtu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nanyi akina mama, mkiletewa msaada, msiukatae kwa sababu wali umeungua mara ya kwanza. Hata ninyi mlifundishwa, na wa kwanza wenu pia uliungua.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika nyumba yetu, ni nani leo angesema maneno ya Martha? Je, tumewahi kumwuliza?

2. Ni kazi gani ya mikono ambayo bibi zetu waliijua, nasi hatujawafundisha watoto wetu? Ni nani katika mtaa wetu aliye tayari kuifundisha?

3. Someni tena Yohana 21:9-13. Kwa nini, mwaonaje, Bwana alianza kwa kuwalisha kabla ya kumwuliza Petro habari za upendo?

Kazi ya mwezi huu

Kila nyumba ipange zamu ya jiko kwa watu wote wenye umri wa kufaa, wanaume kwa wanawake, hata kama ni siku moja kwa juma. Yule aliyepumzishwa siku hiyo apewe saa moja ambayo hakuna atakayemwita. Akitaka kufuma, afume. Akitaka kulala, alale. Na akitaka kuketi miguuni pa Bwana na Biblia yake kama Mariamu, mlango ufungwe taratibu, na watoto wachezee nje.

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyekaa nyumbani Nazareti miaka mingi, ukala chakula kilichopikwa na mikono ya Mama yako, na mwishoni ukawapikia rafiki zako ufuoni: zibariki nyumba za mtaa huu. Ubariki uzi, mbegu na moto. Mfariji anayetumika peke yake, umwamshe aketiye bila kumwona, utufanye sote wahudumu sisi kwa sisi, hata tutakapoketi pamoja mezani pako. Amina.