Usitupe Pakiti ya Unga

Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa kuwa na sumukuvu (aflatoksini) iliyozidi kiwango. Aliyekuwa ameshamimina unga wake kwenye ndoo na pakiti akawashia jiko hakuwa na njia ya kujua analisha watoto nini. Sumu hii haionekani, wala haiishi kwa kusonga ugali. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Kwa hiyo shika pakiti uisome. Chini ya alama ya ubora kuna nambari ya kibali. Tuma SM#, ukifuatisha nambari hiyo, kwenda 20023. Jina utakalojibiwa likitofautiana na lililo kwenye pakiti, usiupike. Kisha tafuta nambari ya bechi, ambayo mara nyingi hupigwa kwa wino hafifu ukingoni. Hiyo ndiyo inayouunganisha unga wako na siku uliyosagwa pamoja na shehena ya mahindi yaliyotumika. Bila hiyo, msagaji atakuambia unga ule si wake.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya bidhaa salama, maelezo yake, na fidia ukidhurika. Kifungu cha 35 kinakuruhusu kudai taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Waandikie KEBS, hata kwa Kiswahili, ukiomba matokeo ya vipimo vya unga huo. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata taarifa inawapa siku 21 kukujibu, au saa 48 ikiwa uhai wa mtu umo hatarini, na kuwasilisha ombi hakulipiwi. Nionavyo mimi, matokeo hayo yalipaswa kubandikwa hadharani bila mtu kuyaomba, maana anayeula unga huo kila siku ni mwananchi.

Ukidhurika, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na si lazima uwe na wakili. Nenda na risiti, pakiti na cheti cha daktari.

Mahindi ya gunia unayopeleka kinuni hayana lebo. Haki yako ni ileile, ila ushahidi utautengeneza mwenyewe: muulize muuzaji yametoka wapi, aandike jibu hilo kwenye risiti pamoja na jina lake na tarehe, nawe uweke kando kikombe kimoja kabla ya kusaga.