Pawabenki Haiendi Kwenye Begi la Chini: Mwongozo kwa Msafiri wa Ndege Kutoka Lushoto na Milima ya Usambara

KWA NINI TUMEANDIKA

Malalamiko yanayotufikia kutoka Lushoto mjini, Soni, Mlalo na Mtae yanafanana. Mama anakwenda Muscat kwa binti yake aliyejifungua. Kijana anakwenda masomoni. Mzee yumo kwenye kundi la mahujaji. Kafika uwanja wa ndege, kakabidhi begi kaunta, kashusha pumzi. Mara anasikia jina lake likiitwa. Anapelekwa chumba cha ukaguzi, begi linafunguliwa, nguo zinatolewa moja moja, na chini ya mfuko wa unga, ndani ya kanga iliyokunjwa mara nne, inatoka pawabenki. Wengine hawawahi hata kuitwa: wao wameondoka, begi limebaki.

Akirudi nyumbani anasimulia kwamba amenyang'anywa mali yake. Majirani wanaamini, na anayefuata kusafiri anaificha ya kwake ndani zaidi. Hapo ndipo hatari inapokua.

Kanuni nazo zimekazwa. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, Emirates, shirika linalowapitisha Dubai abiria wengi wa Dar es Salaam, limekataza kutumia pawabenki ndani ya ndege. Kila abiria anaruhusiwa moja tu, isiyofika wati-saa 100, yenye maandishi ya uwezo wake yanayosomeka, na haiwekwi kwenye kabati la juu ya kichwa. Singapore Airlines lilikwisha kukataza kuchaji kwa pawabenki tangu tarehe 1 Aprili 2025. Msafiri aliyezoea ya zamani asitegemee mazoea.

KANUNI YA KUBANDIKA UKUTANI

Pawabenki na betri yoyote iliyo peke yake haiingii kwenye begi la kukabidhi. Inabaki mkononi mwako mpaka unashuka.

Tunarudia, kwa sababu hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote: haiingii kwenye begi la kukabidhi. Usiifunge kwenye soksi, usiitumbukize kwenye kiatu, usimpe mwenzako aiweke kwenye begi lake la chini. Mashine ya ukaguzi inaiona.

Tunajua tabia hii ilikotoka. Anayesafiri kwa basi kutoka Lushoto kwenda Dar es Salaam amefundishwa tangu utotoni kwamba kitu cha thamani kinafichwa katikati ya begi kubwa, mbali na mkono wa mwizi wa stendi. Kwenye basi ni busara. Kwenye ndege busara hiyo hiyo inakuwa hatari: kitu cha thamani chenye betri kinakaa pale unapoweza kukiona na kukishika.

BETRI INAWAKAJE

Betri za simu, kompyuta mpakato, vishikwambi na pawabenki ni za lithiamu. Zimebeba nguvu nyingi katika nafasi ndogo. Ikigongwa, ikibonyezwa, ikilowa, ikiwa ya bandia au imechoka, tabaka jembamba linalotenganisha pande zake mbili za ndani linaweza kutoboka. Betri inapata joto, joto linavuruga kemikali zake, kemikali zinazidisha joto. Inavimba, inatoa moshi, inawaka. Seli moja ikishika huiambukiza ya jirani.

Moto huu ukitokea karibu na kiti chako, wahudumu wapo. Wamefunzwa kuuzima na kumwagia kifaa maji mengi mpaka kipoe. Ukitokea kwenye chumba cha mizigo, hakuna mtu huko. Kuna mitambo ya kupuliza gesi ya kuzimia moto, lakini gesi hiyo hupunguza miali tu. Haiipozi betri inayozalisha joto lake yenyewe. Wataalamu wa usalama wa anga wa Marekani walilijaribu hilo mwaka 2017: waliipasha moto betri ya kompyuta mpakato ndani ya begi lililojaa, pembeni yake wakaweka kopo la kupulizia nywele. Kopo lililipuka ndani ya sekunde 40. Kopo kama hilo limo kwenye mabegi mengi ya akina mama na akina dada.

Haya si ya kufikirika. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliruka kutoka Dubai ikiwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu. Moto ukawaka, moshi ukajaa mpaka chumba cha marubani, na marubani wote wawili wakafa. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limekataza betri za aina hiyo kusafirishwa zenyewe kama shehena kwenye ndege za abiria. Na tarehe 28 Januari 2025, uwanja wa Gimhae huko Korea Kusini, ndege ya Air Busan iliwaka moto kabla ya kuruka. Watu 176 waliokuwemo walitoka wote wakiwa hai, ndege iliungua. Wachunguzi walielekeza macho kwenye pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu. Ndiyo maana leo unaambiwa usiiweke huko.

"MBONA MWAKA ULE TULIAMBIWA VINGINE?"

Swali hili tunaulizwa na waliosafiri zamani, na ni swali la haki. Machi 2017 Marekani ilikataza abiria kuingia ndani ya ndege na kifaa chochote kikubwa kuliko simu, kwa safari za moja kwa moja kutoka viwanja 10 vya Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika Kaskazini, vikiwemo Dubai, Doha na Abu Dhabi. Uingereza nayo ikaweka katazo lake kwa nchi sita. Mtanzania aliyepitia Dubai au Doha kwenda Marekani alilazimika kuiweka kompyuta mpakato kwenye begi la chini. Hofu ya wakati ule ilikuwa bomu lililofichwa ndani ya kifaa. Marekani iliondoa katazo hilo Julai 2017, baada ya viwanja kuimarisha ukaguzi.

Ya leo yanatokana na hofu ya moto, na yanaelekeza upande wa pili: betri itoke chini, ije juu kwako. Aliyekariri ya 2017 na kumfundisha mjomba wake anayesafiri leo anampotosha.

SOMA MGONGO WA PAWABENKI YAKO

Ichukue sasa hivi, igeuze, tafuta maandishi madogo mgongoni au ubavuni. Utakuta kwa mfano 20000mAh, pengine na 74Wh. Herufi Wh ndizo wati-saa, na hizo ndizo zinazoangaliwa. Kama hazikuandikwa, piga hesabu: toa sifuri tatu kwenye mAh, kinachobaki zidisha kwa 3.7. Ya 10000mAh ni wati-saa 37. Ya 20000mAh ni 74. Ya 30000mAh ni 111, imevuka 100.

Isiyozidi 100 inaruhusiwa mkononi kwa idadi inayowekwa na shirika lako. Kati ya 100 na 160 ni mpaka shirika likubali kabla ya safari, na yapo yasiyokubali kabisa. Juu ya 160 haipandi ndege ya abiria. Zile zinazouzwa gulioni kwa maandishi ya 50000mAh au 60000mAh ziache nyumbani. Iliyofutika maandishi iache nyumbani. Iliyovimba au iliyopasuka usiibebe hata kwenye basi.

Wafanyabiashara wanaofuata mzigo China waongeze hili: tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani ya nchi hiyo hazikubali pawabenki isiyo na alama ya ubora ya China, 3C. Unaweza kutoka nayo Dar es Salaam ukaiacha Guangzhou.

HATUA KWA HATUA

Nyumbani. Tandika mkeka, mwaga kila kitu, weka vifaa vyote vyenye betri upande mmoja. Pawabenki, betri za akiba za kamera na sigara za umeme ziende begi la mkononi. Kila betri ya akiba iwe kwenye mfuko wake, au ncha zake za chuma zizibwe kwa selotepu, zisigusane na funguo wala sarafu. Simu, kishikwambi na kompyuta mpakato navyo vibaki mkononi. Kikilazimika kwenda chini, kizimwe kabisa, si kulazwa tu, na kizungushiwe nguo.

Njiani. Uwe unashuka Soni na Mombo kuelekea Dar es Salaam, au unapanda kwa njia ya Same na Moshi kwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, safari ni ndefu na pawabenki utaitumia. Itumie. Lakini ukiteremka stendi, usiirudishe kwenye begi kubwa kwa kuogopa wezi. Wengi huteleza hapa: wamepanga vizuri Lushoto, wakavuruga stendi ya Mbezi, Dar es Salaam.

Kaunta. Ukiulizwa kama una betri kwenye begi la chini, usijibu hapana kwa mazoea. Kama huna hakika, sema, fungua, angalia. Dakika mbili za aibu ni nafuu kuliko begi kubaki.

Ndani ya ndege. Pawabenki ikae kwenye mfuko wa kiti cha mbele yako au kwenye begi chini ya kiti hicho. Simu ikidondokea katikati ya kiti, usikisogeze wala kukilaza kiti. Chuma chake huibana simu na kuipasua. Mwite mhudumu. Kifaa kikipata joto kupita kiasi, kikinuka au kutoa moshi, paza sauti hapo hapo. Usikifunike kwa blanketi. Usione haya.

BEGI LA MKONONI LIKICHUKULIWA MLANGONI

Onyo hili lisomeni mara mbili, wazee wetu na vijana wetu. Ndege ikijaa, mhudumu anaweza kulichukua begi lako la mkononi mlangoni likapelekwa chini. Kwenye ndege ndogo za ndani ya nchi ni jambo la kawaida, kwa kuwa hazina nafasi juu. Wakati huo begi la mkononi limekuwa begi la chini, na kanuni inabadilika nalo. Kabla hujaliachia, toa pawabenki na betri zote za akiba. Usingoje uulizwe. Ziweke zote tangu nyumbani kwenye kimfuko kimoja chenye zipu, juu kabisa, ili kuzitoa iwe kazi ya mkono mmoja.

MZIGO WA KUTUMWA

Sisi Wasambaa na majirani zetu hatukatai mzigo wa ndugu. Shangazi akituma unga na maharage kwa mwanawe Dubai, unabeba. Lakini mzigo usiofunguliwa mbele yako usiupokee. Ndani yake huwekwa simu mbovu ya kupelekwa kwa fundi, taa ya sola ya kuchaji, redio ndogo ya kuchaji. Kaunta utaulizwa wewe, shangazi hayupo. Fungua, kagua, kisha beba. Hilo si dharau kwa aliyekutuma.

MENGINE KWA UFUPI

Viti vya magurudumu vya umeme na vifaa vya tiba vina utaratibu wake. Wasiliana na shirika mapema. Droni inahitaji vibali hapa nchini, hata kama ni ya kupigia picha za Irente, hapa Lushoto, tu. Ukibadilisha ndege, fuata masharti makali kuliko mengine kati ya mashirika yako. Yaliyobaki yamo kwenye masharti ya tiketi, yasome.

KWA WASIOTUAMINI

Wapo wanaosema maofisa wanataka vya bure. Tunajibu wazi: kanuni ya betri za akiba kukaa mkononi ni ile ile Dar es Salaam, Doha, Muscat na London. Pawabenki iliyo ndani ya kiwango, inayosomeka, iliyo mkononi mwako, haina sababu ya kuchukuliwa. Na mtu akikuomba hela mkononi ili kifaa kipite, usitoe. Kumbuka mahali na saa, kisha piga TAKUKURU kwa namba 113.

Ofisi yetu imeipeleka elimu hii stendi, sokoni, misikitini na makanisani, na tunajivunia kazi hiyo. Kundi la mahujaji lililokaa nasi jioni moja, kila mzee akisomewa mgongo wa pawabenki yake, lilipita ukaguzi bila begi hata moja kufunguliwa. Basi asije mtu kusema hakuambiwa. Begi likishaingia kwenye mkanda limetoka mikononi mwako, lakini kilichomo bado ni chako na dhamana yake ni yako, na juu yake wamekaa watu waliokuamini bila kukujua. Likague leo, kabla ya basi la asubuhi.